Duara Kwenye Agari: Maswali Yenu Kuhusu Kitunguu Saumu na Fangasi

Tangu masika yaanze, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii kutoka Moshi na Arusha zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: ikiwa kitunguu saumu kinaua fangasi maabara, kwa nini hospitali bado inatuandikia krimu na vidonge? Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba majibu ya nyingine.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya maabara hapa Moshi. Katika mazoezi ya vitendo tulisambaza fangasi aitwaye Candida albicans kwenye sahani ya agari, yaani chakula cha kuoteshea kilichoganda, tukatoboa kishimo upande mmoja na kukitia mikrolita 100 za maji ya kitunguu saumu kibichi kilichotwangwa, na upande wa pili tukaweka diski ya flukonazo, yaani kipande cha karatasi chenye dawa hiyo ya fangasi. Kesho yake duara la saumu, yaani eneo ambalo fangasi hawakuota, lilikuwa na upana wa milimita 31, na la flukonazo milimita 24. Wenzangu wamekwisha kuandika kwenye ripoti kwamba saumu ina nguvu kuliko flukonazo. Mimi nimesita. Je, nimekosea?

Marahaba, mwanangu. Hukukosea, na ripoti hiyo isikabidhiwe kabla hamjaisahihisha.

Tuanze na uzito wa kilichomo. Diski ya flukonazo inayotumika kwa kawaida hubeba mikrogramu 25 za dawa, wala si zaidi. Kitunguu saumu kibichi kikitwangwa vizuri, gramu moja hutoa takribani miligramu 2.5 hadi 4.5 za alisini, ambayo ndiyo kemikali inayofanya sehemu kubwa ya kazi mliyoiona. Mikrolita 100 za maji yake zina uzito wa karibu sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa hiyo tukikadiria miligramu tatu kwa gramu, kishimo chenu kilikuwa na mikrogramu zipatazo 300. Mmeweka alisini nyingi kuliko flukonazo zaidi ya mara kumi, halafu mkashangaa kwamba duara lake ni pana. Ni sawa na kumpa mtu mmoja ndoo ya mbege na mwingine kifuniko cha gongo, kisha kutangaza kwamba mbege ni kali zaidi kwa kuwa wa kwanza ndiye aliyeanguka.

Pili, duara halipimi uwezo wa kuua peke yake, bali linapima pia uwezo wa kusafiri ndani ya agari. Alisini ni molekuli ndogo inayopenya agari kwa urahisi. Saumu hiyohiyo, ikitwangwa na kulowekwa kwenye mafuta, hutoa kemikali nyingine iitwayo ajoini, ambayo ilitambuliwa mwaka 1984 na kupewa jina kutokana na neno la Kihispania la kitunguu saumu, yaani ajo. Ajoini ni ya mafutamafuta, na ukiitia kwenye kishimo kama chenu huelekea kubaki palepale ilipowekwa, ikaonekana dhaifu, ilhali ni miongoni mwa kemikali za saumu zinazowadhibiti fangasi vizuri sana. Anayesoma duara bila kukumbuka jambo hili anaweza kuitupa dawa nzuri na kuipigia makofi ile iliyojaliwa mwendo tu.

Tatu, dawa hizi mbili zinafanya kazi kwa njia zisizofanana. Flukonazo hulenga kimeng'enya kimoja ambacho fangasi hukihitaji ili kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoimarisha utando wa seli yake. Kwa Candida kazi hiyo kwa kawaida huzuia ukuaji pasipo kuua, na ndiyo sababu ukiitazama sahani yenu kwa makini, ukingo wa duara la flukonazo huenda una makoloni madogo madogo yaliyofifia, kama vumbi. Alisini haina shabaha moja. Hupenya utando wa seli na kujishika kwenye vikundi vya salfa na haidrojeni vilivyomo katika protini nyingi, vikiwamo vimeng'enya ambavyo seli haiwezi kuishi bila hivyo. Ndiyo maana ukingo wa duara lake mara nyingi ni mkali, kana kwamba umekatwa kwa wembe. Tabia hiyo ya kushika kila kitu chenye salfa ya namna hiyo inafaa sana ndani ya sahani ya plastiki. Nje ya sahani ndipo mambo yanapoharibika, na utaona katika barua zinazofuata.

Kuna mtego wa nne ambao vitabu vya mazoezi huupita haraka, nami niliujua kwa kuungua. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga sampuli za saumu kwenye bamba la vishimo 96, nikaanza na kiwango kikubwa kwenye safu ya kwanza, na kwenye safu ya pembeni yake nikaweka vishimo vya ulinganisho, yaani fangasi na chakula chao bila dawa yoyote. Asubuhi nilipofungua inkubeta, harufu ilinipokea kabla sijaliona bamba, na nilipoliinua kwenye mwanga, vishimo vya ulinganisho vilivyopakana na saumu vilikuwa vyangavu kabisa kama maji ya kunywa. Hakuna aliyekuwa ametia dawa humo. Alisini hugeuka mvuke, na mvuke wake ulikuwa umevuka kuta za vishimo usiku kucha na kuzuia ukuaji wa majirani. Kazi ya siku tatu ilikwenda na maji. Kwenu pia, mvuke wa kishimo cha saumu ulikuwa chini ya mfuniko mmoja na diski ya flukonazo, kwa hiyo hata hizo milimita 24 sizipokei kwa moyo mweupe.

Sasa mfanyeje? Tumieni kipimo cha kuzimua ndani ya mchuzi wa kuoteshea. Kila sampuli ipewe bamba lake, na vishimo vya ulinganisho viwe mbali. Dawa inazimuliwa nusu kwa nusu: kama kishimo cha kwanza kina mikrogramu 64 kwa mililita, cha pili kiwe na 32, cha tatu 16, na kuendelea hadi chini ya moja. Fangasi wanasawazishwa kwanza kwa kulinganisha jinsi kimiminika chao kilivyochafuka na kipimo cha McFarland cha 0.5, ambacho kwa fangasi wa jamii ya hamira ni seli kati ya milioni 1 na milioni 5 kwa mililita, kisha wanazimuliwa hadi kila kishimo kibaki na seli 500 hadi 2,500 kwa mililita. Bamba likae kwenye nyuzi 35 kwa saa 24. Kishimo cha kiwango kidogo kabisa ambacho hakijachafuka kwa ukuaji wa fangasi ndicho kinachotoa jibu, nalo ni namba inayoweza kuwekwa karibu na namba ya flukonazo bila kuona haya. Kwa flukonazo, kwa kuwa ukuaji wa fangasi hufifia badala ya kukoma ghafla, husomwa kishimo ambacho ukuaji umepungua kwa nusu ukilinganisha na kile kisicho na dawa. Mkitaka kujua kama fangasi wamekufa au wamelala tu, chukueni tone kutoka vishimo visivyochafuka mkalipande kwenye agari ya Sabouraud isiyo na dawa. Wakiota, walikuwa wamelala.

Na fanyeni jaribio moja dogo ambalo halihitaji fedha. Punje nzima ya saumu haina alisini, ila ina aliini, ambayo ni malighafi yake, na katika chumba kingine cha seli kimo kimeng'enya aliinasi. Viwili hivi hukutana pale tu kisu au mchi unapobomoa kuta, na alisini huzaliwa ndani ya sekunde chache. Chemsheni punje nzima kwa dakika kumi na tano, zitwangeni baada ya hapo, mtie maji yake kwenye kishimo. Joto litakuwa limekiharibu kimeng'enya, na duara litatoweka au kubaki kivuli. Sahani hizo mbili, yenye duara na isiyo na duara, zikiwekwa pamoja, zingeifaa ripoti yenu kuliko sentensi ile kuhusu flukonazo.

Habari za kazi. Ninaishi Njiro, Arusha. Mwanangu wa miaka sita ana mapunye. Jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu, alinishauri nimsugue saumu mbichi na kumfunga kitambaa usiku. Asubuhi kichwa kilikuwa chekundu kina malengelenge na mtoto analia. Nimekosea wapi, maana jirani anasema hata maabara imethibitisha?

Pole sana mama, na pole kwa mtoto. Maabara imethibitisha kwamba saumu inawazuia fangasi kwenye sahani, na kwenye sahani hakuna ngozi. Nimeeleza hapo juu kwamba alisini hujishika kwenye protini bila kuuliza ni za nani. Za fangasi zinayo salfa hiyo, na za ngozi ya mwanao pia zinayo. Ukiifunga kwa kitambaa usiku kucha unaizuia isiruke hewani, na matokeo yake ni kuungua kwa kemikali, jambo ambalo madaktari wa nchi mbalimbali wamekwisha kulieleza, hasa kwa watoto wadogo. Osha kwa maji safi mengi, usipasue malengelenge, usipake kitu kingine cha jikoni, na mpeleke kituo cha afya leo, kwa sababu ngozi iliyochubuka inaweza kuingiwa na bakteria.

Kuhusu mapunye yenyewe, hata kama saumu isingeunguza, isingetosha. Fangasi wa mapunye huingia hadi kwenye shina la unywele na ndani ya kinyweleo, mahali ambapo kitu cha kupaka hakifiki kwa kiwango cha kuponya. Hiyo ndiyo sababu mganga huandika dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, nayo hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Wazazi wengi huiacha wiki ya tatu wakiona nywele zimeanza kuota, na mapunye hurudi. Vitana, kofia na mashine ya kunyolea visichangiwe na wenzake, na watoto wengine wa nyumbani wakaguliwe vichwa.

Jirani yako usimgombeze. Alisikia nusu ya habari, na nusu aliyoisikia ilikuwa ya kweli.

Ninauza vitunguu saumu soko la Kilombero, Arusha. Wateja wananiuliza kama saumu ndogo za kutoka Mbulu ni kali kuliko zile kubwa nyeupe za kutoka nje. Niwajibuje?

Wajibu kwamba ukubwa na rangi havisemi lolote. Ukali hutegemea kiasi cha aliini, na hicho hubadilika kwa mbegu, kwa salfa iliyomo kwenye udongo, kwa wakati wa kuvuna na kwa namna ilivyohifadhiwa. Kuna saumu ndogo kali na kuna saumu ndogo iliyochoka, na bila kupima huwezi kuapa. Anayetaka ya kupikia achukue iliyo ngumu, kavu kwa nje, isiyochipua.

Shikamoo mwalimu. Nalima migomba na kahawa Kibosho. Kila masika mabuti ya mvua yananiletea fangasi kati ya vidole vya miguu. Nimesoma jibu la mtu kwamba saumu kwenye mafuta ni bora kuliko saumu tupu. Nimejaza chupa, nimeiweka kabatini wiki ya tatu sasa. Napaka miguuni na mke wangu anaitumia kuungia mboga. Ni sawa?

Marahaba. Acha kwanza kuungia mboga, kisha tuzungumze miguu.

Kitunguu saumu hutoka ardhini, na ardhini wamo bakteria waitwao Clostridium botulinum, ambao spora zao hustahimili mengi. Bakteria hawa hawapendi hewa. Ukiizamisha saumu mbichi ndani ya mafuta na kuiacha kabatini, umewajengea nyumba isiyo na hewa, isiyo na asidi, yenye joto la kuwafaa, nao hutengeneza sumu inayopooza misuli, ikiwamo ya kupumulia. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua baada ya kula mkahawani chakula chenye saumu iliyohifadhiwa kwenye mafuta bila ubaridi. Mafuta hayo hayabadiliki harufu wala ladha. Yamwageni. Mkitaka mafuta yenye ladha ya saumu, tengenezeni ya kutumia siku hiyohiyo.

Upande wa miguu, uliyoyasoma yana msingi. Mwaka 1996 watafiti wa Venezuela walichapisha matokeo ya wagonjwa 34 wa fangasi wa miguu waliopakwa krimu yenye ajoini ya asilimia 0.4. Baada ya siku 7 za matibabu, 27 kati yao, yaani asilimia 79, walikuwa wamepona, na saba waliobaki walipona baada ya siku 7 nyingine. Nayaheshimu matokeo hayo, kwa sababu walitoka kwenye agari wakaenda kwenye nyayo za watu halisi, na ni wachache wanaofika huko. Lakini tazama walichopaka: ajoini iliyotengwa, ikapimwa, ikachanganywa kwa asilimia inayojulikana. Chupa yako ina ajoini kiasi fulani, na ya wiki ijayo itakuwa na kiasi kingine, pamoja na mabaki ya alisini ambayo ni mepesi kuchubua ngozi laini ya kati ya vidole. Krimu ya klotrimazo inapatikana katika maduka ya dawa mjini Moshi, na bei yake haizidi sana bei ya mafuta uliyoyapoteza. Paka mara mbili kwa siku, uendelee kwa wiki mbili baada ya dalili kuisha. Kausha kati ya vidole kila jioni, badilisha soksi, na mabuti yaanikwe juani wazi kila jua linapojitokeza, ingawa najua masika ya Kibosho hayatoi jua kwa kila anayeliomba.

Ikiwa miguu haitabadilika kwa mwezi mmoja, usinunue krimu ya pili kwa kubahatisha. Moshi kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992 katika eneo la hospitali ya KCMC. Kipimo cha kuanzia ni kukwangua ngozi kidogo, kuiweka kwenye kioo pamoja na tone la potashi inayoyeyusha seli za ngozi, na kutazama kwa hadubini kama nyuzi za fangasi zipo. Vidole vinavyowasha si lazima viwe na fangasi.

Kaka yangu amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi, na anatumia ARV. Ndugu wameleta vidonge vya saumu na wanataka aache sindano kwa kuwa zinamchosha. Mmoja ametuonyesha habari kwamba Wachina waliwatibu wagonjwa kama yeye kwa saumu. Tafadhali nijibu haraka. Je, hata supu yenye saumu nisimpelekee?

Dada yangu, asiache sindano hata kwa siku moja. Nilikujibu hivyo kwa simu, na narudia hapa kwa ajili ya wengine.

Fangasi huyo, Cryptococcus neoformans, ni miongoni mwa wanne ambao Shirika la Afya Duniani liliwaweka katika kundi la hatari kubwa kabisa, kwenye orodha ya fangasi 19 iliyotolewa Oktoba 2022. Bila dawa, ugonjwa huu huua. Mwaka huohuo shirika hilo lilipendekeza matibabu ya kuanzia ya dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, yaani dawa ya fangasi ya sindano iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, ikifuatana na flusitosini na flukonazo kwa siku 14. Pale ambapo amfoterisini ya aina hiyo haipo, hutumika mipango mingine yenye sindano za siku nyingi zaidi, nazo kweli huchosha, huvuruga figo na kushusha potasiamu, na ndiyo maana kaka yako anachukuliwa damu mara kwa mara.

Habari ya Wachina ipo. Mwaka 1980 madaktari wa Hunan waliandika taarifa ya awali ya wagonjwa 21 waliopewa saumu hospitalini, na njia mojawapo ilikuwa ya kuichoma mwilini kama sindano. Hawakuwapa vidonge vya dukani wakawaambia waende nyumbani, na leo nguvu ya dawa nilizozitaja imepimwa kwa wagonjwa wengi mno kuliko hao. Tena, alisini inayoliwa haifiki kwenye ubongo. Watu waliojitolea kula gramu 25 za saumu mbichi walipopimwa, alisini haikuonekana katika damu yao wala katika mkojo, kwa sababu huungana na kemikali za damu ndani ya dakika chache. Kinachobaki ni harufu ya pumzi.

Vidonge hivyo vina tatizo la pili. Utafiti uliofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2001 uliwapa watu wenye afya vidonge vya saumu pamoja na dawa moja ya VVU, sakwinaviri, na kiwango cha dawa hiyo katika damu kikashuka kwa karibu nusu. Sakwinaviri si dawa anayotumia kaka yako siku hizi, lakini nisingependa ajaribiwe yeye ili tujue hizi nyingine zinafanyaje. Vikabidhi kwa muuguzi wa wodi, umweleze vilitoka wapi na kama amekwisha kuvimeza, na ni vingapi.

Supu mpelekee. Punje mbili tatu zilizochemka kwenye sufuria ni chakula, na joto limekwisha kuondoa makali yake.